Rumanyika na Wageni Wake

Ukisoma historia ya Karagwe unakutana na Rumanyika mpole kupita kiasi: mfalme mwenye tabasamu, maziwa tele, wageni wanakula bure. Mimi natoka Biharamulo, na nina sababu ya kuitilia shaka picha hiyo.

Rumanyika alikuwa Mukama wa Karagwe, wa ukoo wa Wahinda, makao yake Bweranyange. Kiti hakukipata kirahisi. Baba yake Ndagara alipofariki, miaka ya 1850, ndugu yake Rogero naye alikitaka, wakapigana. Rumanyika alishinda kwa msaada wa Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kazeh, Tabora ya leo. Yaani mapema kabisa alishajua kwamba mgeni aliyelishwa vizuri anaweza kuwa jeshi.

Novemba 1861 wakatokea Speke na Grant, wakitokea Usui, nchi ambayo leo ni sehemu za Ngara na Biharamulo. Huko kwetu mtawala Suwarora aliwatoza hongo, akawachelewesha, na uso wake hawakuuona kabisa. Kuingia Karagwe, mambo yakageuka: hongo hakuna, mbuzi na kuku wanaletwa, mfalme mwenyewe ameketi chini anawapa mkono. Kitabu cha Speke kikatoka 1863, na tangu hapo Rumanyika ni muungwana, Suwarora ni mlafi. Jamani, aliyetoa hukumu ni mgeni aliyeshiba!

Kwenye somo la sanaa tulioneshwa picha ya Francesco Hayez, Mwitalia, aliyoichora kati ya 1813 na 1815, iko Naples. Ni Odysseus nyumbani kwa mfalme Alcinous. Mwimbaji anaimba vita vya Troya, mgeni anajifunika uso asionekane akilia. Wengi darasani waliona ukarimu tu. Mimi nilimfikiria mwenyeji. Mgeni amekula, amekunywa, sasa machozi yanamtoa siri. Ataulizwa jina, na merikebu ya kumfikisha kwao iko mikononi mwa huyo huyo anayeuliza.

Merikebu ya Rumanyika ilikuwa njia ya Buganda. Bila ujumbe kwenda kwa Mutesa na ruhusa kurudi, safari hakuna. Speke aliondoka Januari 1862. Grant, mguu ukimsumbua vibaya, akabaki akitunzwa hadi Aprili. Na kati ya maziwa na maongezi, mfalme aliulizia dawa ya kummaliza Rogero. Suwarora alidai vitambaa mlangoni. Rumanyika alitaka kikubwa zaidi, ila aliomba kwa upole.

Wageni nao hawakukaa bure. Grant alichora. Speke alimpima kifuani, mkononi na pajani shemeji wa mfalme, mama aliyenoneshwa kwa maziwa mpaka kusimama hawezi, kisha vipimo akavichapa kitabuni Ulaya isome. Hapo naona mwenyeji alizidiwa. Nguvu ya bunduki aliijua sana, ya daftari hapana.

Stanley alipofika 1876 alimkuta mzee yule yule mpole, akampenda vilevile. Haikupita miaka mingi Rumanyika akafariki, na Karagwe ikaingia kwenye ugomvi wa warithi. Suwarora wetu, aliyekataa kuonekana, Speke hakuweza hata kutuambia alikuwa mrefu au mfupi.