Daktari wa Mbung'o na Maziwa ya Mbuzi

Ukimtaja David Bruce pwani ya Ziwa Viktoria, wajuao habari zake hukumbuka mbung'o na malale. Mimi, wasomaji wapenzi, leo namtaja kwa ajili ya maziwa.

Alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, akasomea Uskochi na kuwa daktari wa jeshi la Waingereza. Mwaka 1884 alipelekwa Malta, kisiwa ambacho wenyeji wake, ingawa ni Wakristo, husema lugha yenye asili ya Kiarabu. Askari huko walishikwa na homa ya ajabu: yapanda, yashuka, jasho usiku, viungo vyauma, miezi kwa miezi. Mwaka 1887 Bruce alitangaza kijidudu chake, alichokitoa katika bandama za askari waliokufa.

Lakini kilitoka wapi? Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1905 na Themistocles Zammit, daktari Mmalta, aliyekikuta katika mbuzi walionawiri, wasio na dalili ya ugonjwa, waliokuwa wakikamuliwa milangoni mwa watu. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa yale mabichi, na homa ikapungua mno kambini. Kijidudu kikaitwa Brucella kwa jina la Bruce. Mimi naona Zammit alidhulumiwa sifa.

Kabla ya hapo, mwaka 1903, Bruce alikuja kwetu. Reli ya Mombasa ilikwisha fika Kisumu tangu 1901, na malale yalikuwa yakifyeka watu Busoga, visiwani na hata upande wa Kavirondo. Castellani alikuwa amekwisha kuona kijidudu katika maji ya uti wa mgongo. Bruce akathibitisha kwamba mchukuzi wake ni mbung'o. Mkewe, Mary, alifuatana naye, akichora vijidudu na kusaidia kazi ya darubini.

Malale yamefifia huko Nyanza, lakini homa ya maziwa ingalipo. Mgonjwa hudhaniwa ana malaria, akapewa vidonge vya siku chache, na hali tiba yenyewe ni dawa mbili kwa pamoja kwa wiki sita. Tena pana jambo ambalo Bruce hakulipata kuliona, maana penisilini ilikuwa bado haijaanza kutibu watu. Siku hizi mfugaji hununua dawa dukani, humdunga ng'ombe aliyevimba kiwele, na kesho yake huuza maziwa. Vijidudu vinavyoonja dawa kidogo kidogo huota usugu, na maziwa mabichi huvileta hadi kikombeni. Kuchemsha huua vijidudu, visugu na visivyo sugu. Lakini mabaki ya dawa hayatoki yote kwa moto. Husemwa kwamba maziwa yaliyochemshwa hupotewa na ladha. Kweli, ladha hubadilika.

Mary alitangulia kufa, Novemba 1931. Siku nne baadaye, huko London, wakati wa ibada ya kumuaga mkewe, Bruce naye alikata roho.