Makhan Singh na Mgomo wa 1950

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 huko Gharjakh, Punjab, akawasili Nairobi mwaka 1927. Alipomaliza masomo alifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake. Jambo hili hupitwa haraka na wengi wamwandikao, ilhali ndilo linalomweleza: kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi alikuwa mpigachapa, aliyejua kwamba karatasi ndogo yenye maneno machache huwaunganisha watu wasiopata kukutana.

Na nafasi za kukutana zilikuwa haba. Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi: Waafrika walitengewa Eastlands, katika mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, Wahindi wakiishi kwingine. Mwaka 1935, alipokabidhiwa ukatibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, alisimamia kukifungua kwa watu wa rangi zote.

Tarehe 1 Mei 1949 ndipo lilipoundwa East African Trade Unions Congress, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Madereva, washona nguo, washona viatu na wengineo walijiunga, kila chama kikibaki na viongozi na madai yake. Shirikisho halikuvimeza vyama. Kazi yake ilikuwa kupashana habari na kupatanisha hatua. Serikali ilikataa kulisajili.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Lilikuwa dai zito kwa wakati ule, hata kwa baadhi ya waliomsikiliza. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa.

Kwa hesabu ya watawala, bila shaka, mwili usio na kichwa haungetembea. Kesho yake mgomo ulianza. Kwa siku zipatazo tisa wafanyakazi wa Nairobi walisusia kazi, na mgomo ukaenea hadi miji mingine, licha ya mabomu ya machozi na magari ya deraya yaliyozunguka mitaani. Katibu mkuu alikuwa kizuizini, lakini madai yalijulikana: kuachiliwa kwa viongozi, mshahara wa chini wa shilingi 100, kukomeshwa kwa misako ya usiku katika nyumba za wafanyakazi. Mtandao aliousuka haukuhitaji amri yake ya kila siku. Pengine hiyo ndiyo sifa yake kuu kuliko hotuba yoyote.

Malipo yake yalikuwa mazito. Baada ya kesi iliyosikilizwa Nyeri alipelekwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, mbali na mkewe na watoto, hadi Oktoba 1961: zaidi ya miaka 11. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hakupewa wadhifa serikalini. Alirudi kwenye karatasi zake, akachapisha mwaka 1969 historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya hadi 1952. Alifariki Nairobi mwezi Mei 1973.