Habari za Thaddeus Stevens, Wakili wa Pennsylvania

Twataka kuwasimulia kwa ufupi maisha ya Thaddeus Stevens, wakili na mtunga sheria wa Marekani. Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 huko Danville, katika jimbo la Vermont, naye alikuwa na kilema cha mguu tangu kuzaliwa. Baba yake aliwaacha, mama yake akataabika sana ili wanawe wapate elimu. Thaddeus alimaliza masomo katika chuo cha Dartmouth mwaka 1814, akahamia Pennsylvania, na mwaka 1816 akaanza kazi ya uwakili huko Gettysburg.

Wala hatutaficha kosa lake. Mwaka 1821 alimtetea bwana mmoja mwenye watumwa, akashinda. Na mama mmoja, jina lake Charity Butler, aliyedai uhuru wake na wa watoto wake, akabaki mtumwa. Baadaye Stevens aligeuka kabisa, akawa akiwatetea mahakamani watumwa waliotoroka.

Mwaka 1835 wengi katika baraza la Pennsylvania walitaka kufuta sheria ya shule za watu wote, iliyotungwa mwaka uliotangulia, kwa kuwa wenye mali walinung'unikia kodi. Stevens akasimama akawatetea watoto wa maskini, hata sheria ile ikaokoka.

Mwaka 1849 aliingia katika baraza kuu la taifa huko Washington. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea mwaka 1861, alikuwa msimamizi wa halmashauri ya fedha, naye hakuacha kumhimiza Rais Lincoln awape watumwa uhuru. Mwezi wa Juni 1863 jeshi la Kusini lilichoma kiwanda chake cha chuma, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1865 utumwa ukakomeshwa katika katiba. Ndipo akataka waliokuwa watumwa wagawiwe mashamba, asipate. Akataka wapewe haki sawa mbele ya sheria, na neno hilo likaingia katika katiba mwaka 1868.

Alikufa tarehe 11 Agosti mwaka ule ule. Alikuwa amechagua kuzikwa Lancaster, katika makaburi yasiyobagua rangi ya mtu, akaagiza sababu hiyo iandikwe juu ya kaburi lake.

Basi, tumkumbukapo Stevens, tusimsahau Charity Butler. Matendo mema ya miaka mingi hayakumrudishia mama yule uhuru wake. Lakini maelfu wengine waliupata, kwa kuwa wakili yule hakuona haya kuiacha njia mbaya aliyoianza.