Frank Humplick: Kijana wa Moshi ambaye santuri yake iliitia hofu serikali ya mkoloni

Kuna wimbo uliowahi kusakwa nyumba kwa nyumba Tanganyika kama vile ni bangi. Haukuwa na matusi. Uliimbwa na kijana wa Moshi pamoja na dada zake wawili, kwa gitaa na sauti tatu, na ndani yake kijana huyo alitangaza kwamba yeye ni mtu wa demokrasia.

Jina lake ni Frank Humplick. Kundi lao liliitwa Frank na Dada Zake, na miaka ya 1950 hakukuwa na haja ya kuwatambulisha kwa mtu mwenye santuri nyumbani. Leo hata Moshi kwenyewe, ukiwauliza vijana kumi, utashukuru ukimpata mmoja anayelijua jina hilo.

Frank alizaliwa Moshi mwaka 1927. Baba yake alikuwa Mzungu, mama yake Mchaga. Chini ya Mwingereza hilo halikuwa jambo dogo. Wazungu walikuwa juu, Waasia katikati, Waafrika chini, na kila kundi lilikuwa na shule zake na hospitali zake. Chotara alibaki akielea, huku jina lake likimvuta upande mmoja na ndugu zake wa mgombani upande wa pili. Frank alichagua kuimba Kiswahili.

Muda nao ulikuwa mzuri. Wachaga walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, na baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipanda kweli kweli. Hela ikaingia migombani. Ikanunua mabati, ikalipa ada, na kwa waliojiweza ikanunua gramafoni, ile mashine ya kuzungusha kwa mkono. Santuri zenyewe zilikuwa nzito, upande mmoja ukibeba kama dakika tatu tu za muziki, na ukiiangusha imekwisha.

Dada zake walikuwa Thecla na Maria. Ukiwasikiliza leo, kinachoshangaza ni jinsi walivyotulia. Hakuna ngoma nzito wala tarumbeta. Gitaa la Frank linatangulia likidondosha noti moja moja, kisha sauti za dada zinapanda juu ya yake, zikishikana kiasi kwamba unasahau ni watu watatu. Chaupele Mpenzi ni wa namna hiyo. Harusi ni mwingine, na jina lake tu linatosha kukwambia ulipigwa wapi.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 alipita Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, na sauti za ndugu hao zikanaswa. Santuri zao zikatoka chini ya Gallotone, lebo ya Afrika Kusini. Jina hilo lilizama sana huku kwetu. Hadi leo wanamuziki wakongwe Tanzania wanaliita gitaa kavu galatoni, kwa sababu magitaa ya bei nafuu yenye chapa hiyo yalisambaa pia kutoka Afrika Kusini. Na hili wapenzi wa roki huwa hawaliamini: gitaa alilokuwa nalo John Lennon siku alipokutana na Paul McCartney, Julai 1957, lilikuwa Gallotone. Wakati huo Frank na dada zake walikuwa wameshakuwa mastaa.

Kisha ikaja siasa.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Katika miaka yake ya mwanzo Frank akatoa wimbo ambao wengi wanaukumbuka kama I Am a Democrat. Ndani yake anajitangaza mwanademokrasia na kuukataa ukomunisti. Kwa maneno hayo tu, Mwingereza angepaswa kumpa zawadi, maana dunia ilikuwa kwenye Vita Baridi na London ilikuwa inahubiri hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba wimbo haukuishia hapo. Uliitaja Uganda, ukaitaja Tanganyika, ukaitaja Kenya na Nyasa, zote kwa pumzi moja. Hapo ndipo noma ilipoanza.

Weka majina hayo kwenye ramani ya wakati ule. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na mpaka wake upo hapo hapo chini ya Mlima Kilimanjaro. Uganda ilikuwa inachemka baada ya Kabaka Mutesa kupelekwa uhamishoni Uingereza mwaka 1953. Mwaka huo huo Nyasa ililazimishwa kuingia kwenye shirikisho na Rhodesia mbili, na wananchi hawakulitaka. Jirani tu na Moshi, Wameru walikuwa wamenyang'anywa ardhi, na Kirilo Japhet akaenda kuwashtaki Waingereza Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mtu anayeziimba nchi hizo pamoja alikuwa anawaambia watu kwamba tatizo lao ni moja.

Gazeti lingewafikia wanaojua kusoma. Mkutano ulihitaji kibali cha bwana DC. Santuri haikuhitaji chochote kati ya hivyo. Mmoja aliinunua, akaiweka hotelini pa chai, na mtaa mzima ukawa umesikia kabla ya jioni. Serikali ikaupiga marufuku wimbo huo na kuanza kuzikusanya santuri majumbani. Bila shaka kuna waliozificha uvunguni. Lakini sikio halina uvungu, na kufikia hapo watu walikuwa wameshaukariri.

Uhuru ulikuja Desemba 1961. Ungetarajia Frank awe kinara wa jukwaa siku hizo, ila muziki wenyewe ulikuwa unageuka. Magitaa ya umeme yaliingia, bendi za dansi za watu kumi na zaidi zikashika kumbi, na Morogoro ikawa na Salum Abdallah, kisha Mbaraka Mwinshehe. Watatu na gitaa kavu wakaonekana wa zamani.

  Frank alihamia milima ya Usambara, akaishi Lushoto, mbali na studio na kumbi za Dar es Salaam. Alifariki huko mwaka 2007, akiwa na miaka 80.

Waliokuja kuzifukua nyimbo zao ni Wamarekani. Mississippi Records, lebo ndogo inayopenda miziki iliyosahaulika, ilikusanya santuri zao na kuzitoa upya kwenye sahani moja, jalada likiwa na jina la Kiingereza, Frank & His Sisters. Kwa aliye Moshi huhitaji kuagiza chochote. Andika jina lake kwenye simu, weka hedifoni, anza na Chaupele.