Khabari za Sidi Mubarak Bombay, Msafiri wa Njia ya Bara

Bismillahi r-rahmani r-rahim. Amma baad. Ndugu msomaji, vijana wetu wakitajiwa njia ya bara hukumbuka Wazungu na matajiri wa pembe, na yule aliyetangulia mbele ya mizigo hawamjui. Basi hizi ni khabari za mmoja wao.

Sidi Mubarak alizaliwa katika nchi ya Wahiyao kadiri ya mwaka 1820. Alikuwa mtoto mji wao uliposhambuliwa, akakamatwa, akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, akauzwa, akachukuliwa Bara Hindi. Huko alikaa miaka mingi hata bwana wake akafa, akawa huru. Akarejea Unguja, akaandikwa askari katika ngome ya Chogwe karibu na Pangani.

Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta huko, wakamchukua. Speke hakujua Kiswahili, akasema naye kwa Kihindustani. Msafara ule ulikuwa wa Mabaluchi, wapagazi na watu wa pwani, wengi wao hawajuani. Wakapanda milima ya Usagara, na katika kipito cha Rubeho wakubwa wa safari walikuwa taabani kwa homa. Wakashuka Marenga Mkali, nyika isiyo maji. Wanazuoni wetu wamesema kuwa maji yakihitajiwa kwa kiu, hata kiu ya mnyama, msafiri hutayamamu. Nami naona mtu hamjui mwenziwe wa safari mpaka kiriba kimebaki kimoja. Kisha wakaingia Ugogo, wakamlipa hongo Magomba, mkubwa wa Kanyenye. Kanyenye hii si ile ya mjini Tabora, ijapokuwa jina ni moja. Wakapita Mgunda Mkali, na siku ya 134, mwezi wa Novemba, wakafika Kaze, ndiyo Tabora, wakakirimiwa na Snay bin Amir.

Mwaka 1858 alifika na Speke katika ziwa la Nyanza. Na mwaka 1860 hata 1863 alikwenda naye tena mpaka Nailo. Katika safari hiyo Speke alimpiga ngumi usoni, na pengo la meno yake Stanley aliliona mwaka 1871 alipomwajiri yeye. Hao hao waliomsifu kwa uaminifu waliandika pia kuwa pombe ilimshinda mara nyingine. Sikuficha, kwani sira ya mtu ikipunguzwa si sira.

Safari yake kubwa ni ya mwaka 1873 pamoja na Cameron. Walipokuwa Unyanyembe ilikuja khabari ya kufa Livingstone. Wenzi wa Cameron mmoja akafa, mmoja akajiua, mmoja akarudi pwani. Mubarak akaendelea, na mwezi wa Novemba 1875 wakatokea bahari ya magharibi, karibu na Benguela.

Jumuiya ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na posho ya uzeeni. Alikufa Unguja mwaka 1885. Mwenyezi Mungu amrehemu.