John Haldane na Hewa Yenye Sumu

John Scott Haldane alizaliwa mjini Edinburgh, Scotland, mwezi Mei, 1860. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha mji huo, akahitimu mwaka 1884. Hata hivyo maisha yake hakuyatumia kutibu wagonjwa hospitalini. Jambo lililomvutia lilikuwa hewa tunayoivuta: ina nini ndani yake, na inaufanya nini mwili wa binadamu.

Kazi yake ya kwanza aliifanya katika mji wa Dundee. Yeye na wenzake waliingia usiku katika nyumba za watu maskini, wenyewe wakiwa wamelala, wakachukua hewa ya vyumba hivyo ili kuipima. Walipima pia hewa ya madarasa. Kisha wakashuka chini ya ardhi, katika mifereji ya maji machafu. Siku hizo watu wengi waliamini kuwa harufu mbaya ndiyo iletayo maradhi, na hakuna mahali palipokuwa na harufu mbaya kuliko mle. Lakini walipopima, waliona kuwa hewa ya mifereji ilikuwa na vijidudu vichache kuliko hewa ya nje. Pua zilikuwa zimewaonya watu juu ya hatari isiyokuwapo. Jambo hilo tulikumbuke, maana tutaliona tena.

Baadaye Haldane alihamia Oxford, Uingereza, na huko akaanza kuchunguza hewa ya migodi ya makaa ya mawe. Chini ya migodi hiyo hutoka gesi mbalimbali zisizoonekana. Moja ni methani, ambayo ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani hulipuka ikikutana na moto. Kwa sababu hiyo wachimbaji walitumia taa ya usalama, iliyobuniwa na Humphry Davy mwaka 1815. Ndimi za moto wa taa hiyo zilizungukwa na wavu mwembamba wa waya, ili moto usitoke nje.

Taa hiyo haikutoa mwanga tu. Wachimbaji waliitazama kama mlinzi wao. Mwale ukivaa kofia ya rangi ya samawati, walijua kuwa methani ipo. Mwale ukififia na kuzimika, walijua kuwa oksijeni imepungua. Mwale ukiwaka vizuri, waliendelea na kazi bila hofu.

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako. Washa mshumaa, uusimamishe juu ya sahani, kisha uufunike kwa chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana. Baada ya muda mfupi mshumaa utazimika. Je, oksijeni yote ndani ya chupa imekwisha? Wanafunzi wengi watajibu ndiyo, na watakuwa wamekosea. Katika hewa ya kawaida oksijeni ni kama sehemu 21 katika kila sehemu 100. Haldane alionyesha kuwa mwale huzimika oksijeni inaposhuka kufikia kama sehemu 17, na mtu aliyekuwa katika hewa hiyo bado huweza kutembea na kupumua. Kumbe taa iliyozimika haikuwa na maana kwamba mtu amekwisha kufikia mahali pa kufa. Ilikuwa kengele iliyolia mapema mno.

Kosa hilo lilikuwa dogo. Kosa kubwa la taa lilikuwa jingine.

Tarehe 27 Januari, 1896, mlipuko ulitokea katika mgodi wa Tylorstown, katika nchi ya Wales. Watu 57 walikufa. Haldane alikwenda huko kuichunguza miili ya marehemu. Kila mtu alidhani kuwa wamekufa kwa kishindo na moto. Lakini Haldane aliona kuwa wengi wao hawakuwa na majeraha ya kuua, na ngozi zao zilikuwa na rangi ya waridi, kama ya watu wenye afya njema. Alipochunguza damu yao, alitambua kilichowaua. Ilikuwa gesi ya kabonimonoksaidi, inayotokea kitu kinapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha. Wachimbaji hao waliokoka mlipuko, kisha wakaivuta gesi hiyo walipokuwa wakitafuta njia ya kutoka.

Kabonimonoksaidi haina rangi, wala harufu, wala ladha. Ikiingia mapafuni huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Basi damu hubeba sumu badala ya kubeba oksijeni. Gesi hiyo hiyo hutoka katika jiko la mkaa, na ndiyo iliyowaua watu wengi waliolala na jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa. Tena gesi hiyo inaweza kuwapo kwa kiasi cha kuua mtu, na taa ya mgodini ikaendelea kuwaka vizuri kabisa. Hapo ndipo wachimbaji walipodanganyika. Mlinzi wao alikuwa kimya, nao wakadhani kuwa kimya hicho ni usalama.

Haldane alitaka kujua sumu hiyo hufanya kazi kwa kasi gani. Hakumtuma mtu mwingine ajaribu. Aliivuta mwenyewe katika maabara, akawa anachukua matone ya damu yake na kulinganisha rangi, huku akiandika kila alichokisikia mwilini. (Wewe usijaribu kamwe, Haldane alikuwa daktari, na wengine wamekufa kwa kiasi kidogo kuliko hicho.) Katika jaribio moja aliendelea mpaka miguu ikashindwa kumbeba sawasawa. Aligundua jambo la kutisha: mtu anayeanza kulewa gesi hii hajui kuwa analewa. Akili hupungua kabla hajasikia maumivu makubwa, naye huweza kusisitiza kuwa hana neno, hata anapoyumbayumba.

Kando yake aliweka panya mdogo katika kizimba, wakivuta hewa ya namna moja. Panya alilegea baada ya muda mfupi sana, Haldane mwenyewe akiwa bado hajasikia lolote. Sababu yake ni hii: mnyama mdogo hupumua upesi, na damu yake huzunguka upesi. Kwa kadiri ya uzito wake, panya hutumia hewa kama mara 20 kuliko mtu. Basi sumu humfikia mapema.

Kwa hiyo Haldane alishauri kuwa waokoaji washuke mgodini na mnyama mdogo. Baada ya kujaribu, wachimbaji waliwapenda zaidi ndege wadogo waitwao kanari, ambao ni jamaa ya chiriku wetu. Panya akilegea huonekana kama amelala tu, lakini kanari huanguka kutoka kijitini, na kila mtu humwona. Vizimba vingine vya baadaye viliwekewa hata mtungi mdogo wa oksijeni, ili ndege aliyeanguka azinduliwe.

Sasa fikiri juu ya waokoaji walio chini ya mgodi. Ndege ameanguka, lakini wao wana nguvu, hawaumwi kichwa, na taa zao zinawaka. Ni rahisi kusema kuwa ndege huyo ni mgonjwa tu. Haldane alifundisha kuwa kujisikia vizuri si ushahidi. Ndege hakuwa ametoa onyo la uongo. Alikuwa ametangulia tu. Waliobaki walikuwa wamepewa dakika chache za kurudi kwenye hewa safi.

Haldane alikuwa na mtoto wa kiume, jina lake John kama babaye, ambaye baadaye naye alikuwa mwanasayansi maarufu. Siku moja alimchukua mvulana huyo chini ya mgodi. Walipofika mahali penye methani nyingi karibu na dari, alimwambia asimame wima na kusema kwa moyo hotuba kutoka katika tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Julius K. Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili. Kijana alianza vizuri. Punde akaanza kuhema, miguu ikalegea, akaanguka sakafuni. Huko chini alipata nafuu, kwa maana methani ni nyepesi kuliko hewa, nayo hukaa juu. Ni somo kali kwa mtoto, lakini hakulisahau hata alipokuwa mzee.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa, Haldane aliitwa mwaka 1915 kwenda Ufaransa kuchunguza gesi waliyorushiwa askari. Aliitambua kuwa ni klorini, akasaidia kutengeneza vifaa vya kuwakinga. Alifariki Oxford mwezi Machi, 1936. Kanari waliendelea kushuka katika migodi ya Uingereza kwa miaka mingine 50, mpaka mwaka 1986, vyombo vya umeme viliposhika nafasi yao.

Vyombo vya namna hiyo sasa hutundikwa majumbani, na hata katika magari yenye jiko na vitanda ambayo watu wa Ulaya na Marekani husafiria na kulala ndani yake. Chombo cha kugundua gesi ya mtungi huwekwa karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kinyume cha methani iliyomwangusha mtoto wa Haldane. Mara nyingine kengele ya chombo hulia usiku, na jiko limezimwa, na mtungi umefungwa. Mwenye gari hukasirika, akaiondoa. Lakini huenda chini ya kitanda kuna betri ya gari inayochajiwa kupita kiasi. Betri hiyo hutoa haidrojeni, na vyombo vingi vya kugundua kabonimonoksaidi huihisi haidrojeni pia. Hapo chombo kimekosea jina la gesi, lakini gesi ipo kweli, na haidrojeni hulipuka. Manukato ya kupuliza, mvuke wa pombe na uchakavu wa chombo chenyewe huweza pia kuiliza kengele.

Mafundi hufuata utaratibu ule ule wa waokoaji wa mgodini. Kwanza watu wote hutoka nje kwenye hewa safi, na milango hufunguliwa. Sababu hutafutwa baadaye, na mtu ambaye kichwa chake hakijaguswa na gesi.