Sheikh Abdallah Saleh Al-Farsy: mfasiri aliyehama na kalamu yake

Leo tunamkumbuka mwanachuoni ambaye kazi yake imo katika nyumba nyingi za Kiislamu, kuanzia mwambao hadi huku nyanda za kati, ingawa wengi wanaoishika mikononi hawaijui historia ya aliyeiandika. Huyo ni Sheikh Abdallah Saleh Al-Farsy, aliyeifasiri Qur'ani nzima kwa Kiswahili.

Alizaliwa Unguja mwezi Februari 1912. Mtoto wa Unguja wakati ule alilelewa na elimu mbili. Chuoni alifundishwa Qur'ani, na katika shule ya serikali alifundishwa hesabu, jiografia na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Wazazi wengi waliitilia shaka elimu hiyo ya pili, wakihofu kwamba ingewapoteza watoto wao. Abdallah alizichukua zote mbili. Alikaa mbele ya masheikh wakubwa wa zama zake, akiwemo Sayyid Omar bin Sumeit na Sheikh Abubakar Bakathir, na papo hapo akasomea ualimu. Kuanzia miaka ya 1930 alikuwa mwalimu wa serikali, kisha mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba.

Kazi hiyo ya ukaguzi ilimwonesha jambo moja zito. Watoto walihifadhi sura nyingi kwa sauti nzuri, lakini maana yake hawakuijua. Watu wazima nao walikuwa hivyo hivyo. Maana ya Kitabu ilikuwa vifuani mwa masheikh, na aliyeitaka ilimpasa akae darsani, aghalabu mwezi wa Ramadhani, asikilize. Aliyekuwa mbali na darsa alikosa.

Hapo ndipo alipoishika kalamu. Katika miaka ya 1940 aliandika kwa Kiswahili maisha ya Mtume (S.A.W.), maisha ya Imam Shafi na historia ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mwaka 1944 alitoa pia habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, kazi iliyochapwa upya mwaka 1972. Humo alikusanya nasaba, safari, walimu na wanafunzi wa watu kama Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir wa Unguja, na Habib Saleh wa Lamu. Laiti asingeyaandika, mengi yangezikwa pamoja na wazee waliyoyajua. Mwaka 1989 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza, na hadi leo watafiti wa historia ya Uislamu katika pwani yetu hukirejea.

Lakini jambo kubwa lilikuwa Qur'ani yenyewe. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1923, nayo haikuandikwa na Mwislamu. Ilikuwa kazi ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa Unguja, na maelezo yake yalikusudiwa kuwasaidia wahubiri wa Kikristo. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad, mhamiaji kutoka Bara Hindi na mkuu wa ujumbe wa jumuiya ya Ahmadiyya. Upande wa Sunni, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa ameianza kazi hiyo, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuikamilisha. Sehemu aliyoiacha ilichapwa mwaka 1980.

Sheikh Abdallah hakuridhika na tafsiri ya mwaka 1953, akaandika kitabu kuyapinga yale aliyoyaona kuwa ni upotofu ndani yake. Hata hivyo alifahamu kwamba kupinga peke yake hakutoshi. Mtu mwenye kiu humwambii maji haya mabaya kisha ukamwacha akae bila maji. Akaanza kutoa tafsiri yake mwenyewe sehemu kwa sehemu, na sehemu hizo zilichapwa Unguja katika miaka ya 1950.

Haikuwa kazi nyepesi. Wapo waliochelea kwamba mtu akiyapata maana kwa lugha yake atajiona msomi, aache kukaa mbele ya mwalimu. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, kwani hata leo tunawaona watu wanaotoa fatwa kwa kusoma kurasa mbili. Njia ya Sheikh ilikuwa kuyaweka maneno ya Kiarabu pamoja na Kiswahili chake, na kuongeza maelezo, ili msomaji ajue kwamba anasoma ufafanuzi wa mwanadamu, na kwamba Neno la Mwenyezi Mungu limebaki mahali pake.

Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa kadhi wa Zanzibar. Miaka minne baadaye yakatokea Mapinduzi ya Januari 1964, na mambo mengi ya visiwani yakabadilika. Masheikh kadhaa walitawanyika huku na huko. Sheikh Abdallah aliendelea kubaki kwa muda, kisha akahamia Kenya, na mwaka 1968 akashika wadhifa wa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo, akimpokea Sheikh Muhammad Kassim Mazrui. Alikuwa na umri wa miaka 56, mgeni katika nchi ya watu, na amekabidhiwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wote wa Kenya.

Uhamiaji haukuizima kalamu yake. Mwaka 1969, mwaka mmoja tu baada ya kuushika ukadhi, tafsiri nzima ilichapwa Nairobi na Islamic Foundation kwa jina la Qurani Takatifu. Kazi iliyoanzia kisiwani ikakamilikia ugenini, na kutoka huko ikasambaa Afrika Mashariki yote.

Miaka ya Kenya ilikuwa na mitihani yake. Katika miaka ya 1970 Sheikh aliandika dhidi ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, yakiwemo baadhi ya mazoea katika hitima na maulidi. Wengi walishangaa, maana yeye mwenyewe alikuwa amelelewa na masheikh walioyaenzi mazoea hayo, na sifa zao alikuwa amezieneza kwa kalamu yake. Wenye kumpinga walimwona amewageuka walimu wake. Wenye kumuunga mkono walisema amefuata dalili ilikompeleka. Mjadala huo haujesha katika misikiti yetu. Lakini pande zote mbili hadi leo hufungua tafsiri yake.

Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1980, akahamia tena, safari hii Oman. Huko Muscat alifariki mwezi Novemba 1982, akiwa na umri wa miaka 70.

Kwa nini sisi wa Dodoma tumkumbuke mtu wa Unguja aliyezikwa mbali? Kwa sababu huku bara ndiko manufaa ya kazi yake yanakoonekana zaidi. Mtoto wa Kondoa huzungumza Kirangi au Kisandawe nyumbani, na wa Mpwapwa Kigogo. Kiswahili hukipata shuleni na sokoni, na Kiarabu ni lugha ya tatu kwake. Hakuzaliwa karibu na madarasa makubwa ya Unguja wala Lamu. Tafsiri imemfikishia maana pale alipo.

Tangu wakati wake zimetoka nyingine, ikiwemo ile ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani ya mwaka 1995, naye pia aliihama Zanzibar. Hilo ni jambo jema. Swali linalobaki ni letu sisi wazazi. Msahafu wenye tafsiri umewekwa juu ya kabati, umefunikwa kitambaa, na watoto wanakua wakijua kuhitimu bila kuelewa, hali ile ile iliyomsumbua Sheikh alipokuwa mkaguzi wa shule. Baba na mama wakae na watoto wao walau baada ya Isha, wasome aya chache na maana yake, na panapowatatiza wamuulize mwalimu wa madrasa. Hivyo hofu ya wale wazee nayo itakuwa imezingatiwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdallah Saleh Al-Farsy, amsamehe alipoteleza, ailipe kheri kazi yake, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa miongoni mwa wanaosoma na kufahamu. Amin.